Wasomaji Wauliza: Mabingwa Walipopokonywa Mataji, Nani Aliyelipa?

Toleo letu lililopita lilikuwa na makala kuhusu mbio za baiskeli za Tour de France na jinsi zilivyochafuliwa na matumizi ya pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, tangu miaka ya 1990. Barua zilizotufikia baada ya hapo zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa huu ni mchezo ambao wengi wetu hapa Nairobi huutazama kwenye televisheni tu. Tumechagua sita, tukazifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Mhariri, mlisema Lance Armstrong alipokonywa mataji saba ya Tour de France, lakini hamkusema alipewa nani. Katika riadha yetu, wa kwanza akiondolewa, wa pili hupanda. Mataji hayo yalienda wapi, na fedha je? — Msomaji, South B

Hakupewa mtu yeyote. Tarehe 22 Oktoba 2012 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, liliidhinisha uamuzi wa USADA, shirika la Marekani la kupambana na pufya, wa kumfutia Armstrong ushindi wake wote wa kuanzia 1999 hadi 2005, na siku chache baadaye ikaamuliwa kwamba nafasi ya kwanza ya miaka hiyo yote ibaki wazi. Ukiifungua orodha ya mabingwa leo utakuta miaka saba mfululizo isiyo na mwenyewe.

Sababu utaiona ukiwatazama waliomfuata. Mwaka 1999 wa pili alikuwa Alex Zülle wa Uswisi, ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa katika timu ya Festina na akakiri kutumia EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Mwaka 2000, 2001 na 2003 alikuwa Jan Ullrich wa Ujerumani, na mwaka 2005 Ivan Basso wa Italia. Hao wawili walizuiwa kuanza mbio za 2006 baada ya polisi wa Uhispania kunasa mifuko ya damu ya wanamichezo iliyohifadhiwa na daktari Eufemiano Fuentes mjini Madrid ili warudishiwe mwilini kuongeza nguvu, na wote wawili waliadhibiwa baadaye. Kumpandisha mtu wa namna hiyo kungekuwa kuuanza upya mzozo uleule kwa jina jingine, na kwa hili naona UCI walifanya la busara, ingawa walichelewa mno kulifanya.

Mahali ambapo wa pili hakuwa na doa, utaratibu unaoufahamu wewe kutoka kwenye riadha ulifuatwa. Floyd Landis alipovuliwa ushindi wa 2006 kwa kukutwa na testosteroni, homoni ya kiume, Óscar Pereiro wa Uhispania alikabidhiwa jezi ya manjano, ile ya anayeongoza mbio, mjini Madrid mwezi Oktoba 2007. Andy Schleck wa Luxembourg naye alitangazwa mshindi wa 2010 ilipofika 2012, baada ya Alberto Contador wa Uhispania, aliyekuwa wa kwanza, kupatikana na hatia ya pufya. Jezi walizipata, lakini kusimama jukwaani Paris mbele ya umati hawakupata, wala mkataba ule ambao mdhamini humfuata nao mshindi wiki ileile ya ushindi.

Kuhusu fedha, Shirika la Posta la Marekani ndilo lililoidhamini timu ya Armstrong kwa takriban dola milioni 32, na kwa kuwa hizo zilikuwa fedha za umma, serikali ilijiunga na kesi iliyofunguliwa dhidi yake. Mwaka 2018 alikubali kulipa dola milioni 5 ili kesi iishe. Kati ya hizo, dola milioni 1.1 zilikwenda kwa aliyeifungua kesi hiyo kwanza, ambaye ni Floyd Landis, yule yule aliyevuliwa ushindi wa 2006. Sheria ya Marekani humpa fungu anayefichua wizi wa mali ya umma, hata kama yeye mwenyewe alikula meza moja na wezi.

Mimi ni fundi wa baiskeli Kariobangi. Nilisoma makala yenu nikajiuliza: mwendeshaji akinaswa, sisi mafundi, na wale wanaowakanda miguu, hupatwa na nini? Magazeti huandika habari za bingwa tu. — Fundi, Kariobangi

Fundi, umeuliza swali ambalo makala yetu ilipaswa kuanza nalo. Ili kulijibu, inafaa kwanza kuelewa timu ya baiskeli huishi kwa nini. Klabu ya soka ina uwanja, na uwanja una lango la kutozea kiingilio. Mbio za baiskeli hupita barabarani, na anayesimama kando ya barabara halipi chochote. Kwa hiyo karibu kila kitu katika timu hutoka kwa mdhamini: mishahara, magari, vipuri na hata jina la timu lenyewe. Mdhamini akiondoka, hakuna kinachobaki cha kuuza.

Na wadhamini waliondoka. Mwezi Julai 2007 vituo vya televisheni vya umma nchini Ujerumani, ARD na ZDF, vilikatiza matangazo ya Tour de France katikati ya mbio kwa sababu mwendeshaji mmoja wa timu ya T-Mobile alikuwa amepatikana na testosteroni, na kabla mwaka huo kwisha kampuni ya T-Mobile yenyewe ilikuwa imejitoa. Mwaka huohuo Michael Rasmussen wa Denmark alitolewa na timu yake ya Rabobank akiwa amevaa jezi ya manjano, siku chache kabla ya kufika Paris. Alikuwa amewaambia wapimaji kwamba yuko Mexico, kumbe mtangazaji wa televisheni, ambaye zamani alikuwa mwendeshaji, alikuwa amemwona akifanya mazoezi katika milima ya Italia. Rabobank walivumilia hilo, lakini ripoti ya USADA kuhusu Armstrong ilipotoka Oktoba 2012, benki hiyo iliyokuwa imedhamini timu tangu 1996 iliondoa jina lake. Timu ilianza msimu wa 2013 ikiitwa Blanco, yaani tupu, huku ikitafuta mtu wa kuinunua. Iliponea chupuchupu, na leo ndiyo Visma–Lease a Bike, mojawapo ya timu zenye nguvu zaidi duniani. Timu nyingine za enzi hizo hazikupata bahati hiyo.

Sasa nije kwa watu kama wewe. Tarehe 8 Julai 1998 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji. Aliyekuwa usukani ni Willy Voet, mkandaji wa timu, na ndani ya gari zilikutwa chupa na dozi zaidi ya 400, nyingi zikiwa EPO na homoni ya ukuaji. Voet aliwekwa rumande, na kesi ilipoamuliwa mjini Lille Desemba 2000 alipewa kifungo cha nje cha miezi 10. Nyota wa timu hiyo, Richard Virenque, aliyekana kwa zaidi ya miaka miwili hadi akakiri mbele ya hakimu, aliachiliwa huru na mahakama hiyo, akafungiwa kwa miezi kadhaa na shirikisho la baiskeli, kisha akarudi barabarani na kutwaa tena jezi ya mfalme wa milima, ya aliye bora katika kupanda, mwaka 2003 na 2004. Voet hakurudi kwenye kazi yake. Sisemi kwamba hakuwa na hatia, kwa maana alijua fika anachobeba. Nasema tu kwamba aliyebeba mzigo alipoteza zaidi kuliko aliyeutumia.

Yupo pia Emma O'Reilly wa Ireland, mkandaji katika timu ya Armstrong. Mwaka 1999, akiwa chumbani akimkanda bingwa huyo, alisikia viongozi wa timu wakipanga jinsi ya kupata cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma, ili chembe za kotisoni zilizoonekana kwenye mkojo zielezwe kuwa zimetokana na malhamu ya vidonda vya kukalia baiskeli. Alipomsimulia mwandishi wa habari miaka michache baadaye, alishtakiwa mahakamani na kuchafuliwa jina, na aliishi hivyo kwa karibu miaka kumi hadi Armstrong mwenyewe akakiri kwenye televisheni Januari 2013. Hakuwa amemeza chochote wala kupata faida yoyote. Kosa lake lilikuwa kusema kweli mapema.

Siku hizi kanuni humgusa pia aliye nyuma ya mwendeshaji: daktari Michele Ferrari alifungiwa maisha mwaka 2012, na meneja Johan Bruyneel mwaka 2018. Hata hivyo, anayenaswa kwa urahisi bado ni mwenye mkojo ndani ya chupa, kwa sababu maabara hupima mkojo na haiwezi kupima nia ya bosi. Fundi asiyejua lolote naye anaweza kupoteza kazi bila kosa lake.

Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi. Mlimtaja kwa sentensi moja tu. Je, naye alikuwa na hatia, au mnamficha kwa kuwa ni wetu? — Msomaji, Buruburu

Hatumfichi. Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa barabarani na David Kinjah kule Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, aliwahi kuiwakilisha Kenya kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza mwaka 2008. Mnamo Septemba 2017, katika mbio za Vuelta nchini Uhispania, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, kwa kiwango cha nanogramu 2,000 kwa mililita, maradufu ya kiwango cha 1,000 ambacho mwanamichezo akikizidi hutakiwa kujieleza. Salbutamoli ya kuvuta kwa inhela inaruhusiwa hadi kipimo fulani, na kwa hiyo swali halikuwa kama aliitumia bali kama alizidisha. Tarehe 2 Julai 2018 UCI ilifunga shauri hilo bila adhabu, baada ya kupata ushauri wa Wakala wa Dunia wa Kupambana na Pufya, WADA. Kisheria, basi, hana hatia. Wapo wasioridhika hadi leo, na mwaka 2015, kabla hata ya suala hilo kuzuka, mtazamaji mmoja alimrushia mkojo usoni akiwa mbioni Ufaransa. Huo ni urithi alioachiwa na Armstrong: kila aliyevaa jezi ya manjano baada yake alidaiwa maelezo kwa deni ambalo si lake.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haujulikani sana hapa kwetu. Mwaka 2011 Froome alishindwa katika Vuelta kwa sekunde 13 na Juan José Cobo wa Uhispania. Mwezi Juni 2019 UCI ilitangaza kwamba kumbukumbu za damu ya Cobo zilionyesha matumizi ya pufya, na ushindi ukahamishwa. Habari hizo zilimkuta Froome hospitalini nchini Ufaransa, akiwa ameanguka vibaya na kuvunjika mifupa. Miaka minane ilikuwa imepita. Mwaka 2011 alikuwa kijana asiyejulikana ambaye timu yake ilikuwa ikifikiria kama imwongezee mkataba au imwache.

Je, kahawa ni pufya? Tunabishana hapa kazini. — Wanywaji, Barabara ya Viwandani

Hapana. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku tangu Januari 2004, ingawa WADA huendelea kuifuatilia. Endeleeni kubishana juu ya sukari.

Mama yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo. Muuguzi akimaliza humdunga sindano ya EPO. Baada ya makala yenu jirani alituambia eti anapewa dawa ya wezi wa mbio. Tafadhali tuelezeni. — Msomaji, Kawangware

Mwambie mama aendelee na sindano yake bila hofu yoyote. EPO kwa asili ni homoni inayotengenezwa na figo, na kazi yake ni kuuambia uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Figo zikichoka, homoni hiyo hupungua, mgonjwa huishiwa damu na kupanda ngazi chache tu humtoa jasho. Dawa ya kutengenezwa iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya watu kama mama yako, na daktari humpimia ili damu yake ikaribie kiwango cha kawaida tu.

Mwendesha baiskeli mwenye figo nzima huitumia kuipandisha damu yake juu ya kiwango hicho. Oksijeni huongezeka, naye hupanda mlima kwa kasi asiyoistahili, lakini damu huwa nzito na huweza kuganda, hasa usiku mapigo ya moyo yanapopungua. Kwa kuwa hadi mwaka 2000 hapakuwa na kipimo cha kutambua dawa yenyewe, UCI iliweka mwaka 1997 kanuni kwamba mwanamume ambaye chembe nyekundu zimezidi asilimia 50 ya damu yake apumzishwe kwa siku 15 kwa ajili ya afya yake. Ni kanuni hiyo iliyomtoa Marco Pantani wa Italia katika Giro, mbio kubwa za nchi hiyo, ya 1999 akiwa anaongoza, zikiwa zimebaki siku mbili. Alipimwa asubuhi akakutwa na asilimia 52. Pantani hakupona pigo hilo rohoni. Alifariki Februari 2004 katika hoteli mjini Rimini kwa sababu ya kokeni, akiwa na umri wa miaka 34.

Jirani yako, basi, amechanganya dawa na anayeitumia vibaya.

Kijana wangu ana miaka 16 na kila Jumamosi huendesha baiskeli na wenzake kutoka Kinoo hadi Limuru na kurudi. Anasema anataka kuwa kama Biniam Girmay. Mjomba wake anasema hakuna anayeshinda mchezo huo bila sindano. Juzi rafiki yake wa jimu alimletea mkebe wa poda ya nguvu usio na maelezo ya maana. Nimkataze? — Mama, Kinoo

Mama, poda umkataze leo hii, baiskeli usimkataze.

Mjomba wake angesema hivyo mwaka 1998 ningekuwa na maneno machache ya kumjibu. Tangu 2008 kila mwendeshaji wa kiwango cha juu ana pasipoti ya kibiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu yake mwaka hadi mwaka, na mabadiliko yasiyo ya kawaida humtia mashakani hata kama dawa yenyewe haikuonekana. Ndiyo iliyomnasa Cobo. Hatuwezi kuapa kwamba mchezo umesafika kabisa. Hata hivyo, kusema kwamba hakuna anayeshinda kwa haki ni kumpokonya mtu kama Girmay, kijana wa Eritrea aliyeshinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu kati ya zote, na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi katika Tour de France ya 2024, kitu ambacho hakuna mahakama wala maabara iliyompokonya. Huo nao ni uonevu, na unafanywa na sisi tunaokaa kwenye viti.

Hatari iliyo karibu na kijana wako si EPO, ambayo ni ghali na hupatikana kwa njia za siri. Ni huo mkebe. Kanuni ya michezo ni kwamba mwanamichezo anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alijua au hakujua. Contador alikutwa na chembe kidogo mno za klenbuteroli, dawa iliyopigwa marufuku, mwaka 2010, akadai kwamba zilitoka kwenye nyama ya ng'ombe. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliona kwamba yamkini zaidi zilitoka kwenye kirutubisho kilichochafuka. Hakuthibitishiwa kwamba alikusudia, na bado alifungiwa miaka miwili na kupoteza taji. Bingwa tajiri mwenye mawakili alishindwa kujinasua. Sembuse mtoto wa shule. Na miaka miwili kuanzia umri wa 16 ndiyo hasa miaka ambayo timu huchagua vijana.

Dawa za kawaida nazo zinahitaji uangalifu. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa bila cheti zina sudoefedrini, ambayo siku ya mashindano ikizidi kiwango fulani kwenye mkojo ni kosa. Tramadoli ya maumivu ilipigwa marufuku na UCI mwaka 2019, na tangu Januari 2024 imo katika orodha ya WADA kwa michezo yote wakati wa mashindano. Kama ana pumu, inhela ya salbutamoli anaruhusiwa hadi mikrogramu 600 katika saa 8, na kwa inhela nyingi za hapa hizo ni kuvuta mara sita. Akihitaji zaidi ya hapo aonwe na daktari, na kibali cha matibabu kiombwe kwa Wakala wa Kupambana na Pufya nchini, ADAK, unaofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2016. Wakala huo pia huwaelimisha vijana na makocha, na kocha wa kikundi chao anaweza kuuandikia na kuomba mafunzo. Wapeni wanafamilia wote habari hii, kwa sababu mara nyingi anayempa mtoto kidonge kwa nia njema ni shangazi au nyanya.

Akianza kushindana huenda akapimwa, na hilo lisimtishe. Ana haki ya kuwa na mtu mzima pamoja naye, naye achague mwenyewe chupa za sampuli na kuhakikisha lakiri hazijaguswa. Kwenye fomu pana mahali pa kuandika dawa na virutubisho vyote alivyotumia katika siku 7 zilizopita. Aandike hata kidonge cha kichwa, na nakala yake aondoke nayo.